Ukitaka Kuchunguza Mzizi, Anza na Udongo

Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Howard Dittmer, alichapisha hesabu ambayo hadi leo msomaji huirudia ili kuhakikisha hakuisoma vibaya. Alikuwa ameotesha mche mmoja wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, ndani ya sanduku lenye upana wa sentimita 30 hivi kila upande na kina cha sentimita 55. Baada ya miezi minne aliuosha udongo wote na kuitoa mizizi. Mche huo mmoja ulikuwa na mizizi, pamoja na matawi yake, ipatayo milioni 13.8. Ukiiunganisha ncha kwa ncha unapata kilomita 623, karibu safari nzima ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Vinyweleo vyake vilizidi bilioni 14. Bila shaka hakuvihesabu kimoja kimoja: alichukua sampuli, akapima, akazidisha.

Namba za aina hiyo ndizo zinazowaingiza vijana wengi katika utafiti wa mizizi. Zinavutia, na si vibaya kuvutwa nazo. Lakini anayeingia shahada ya uzamivu akiwa na mizizi tu akilini hukwama mapema, kwa sababu urefu wa mzizi, unene wake, pembe yake na idadi ya matawi yake ni majibu ambayo mmea umeyatoa kwa udongo uliokutana nao. Asiyeupima udongo ana majibu mkononi na hajui swali lilikuwa lipi. Hilo ndilo kosa linaloharibu data nyingi za mizizi, na habari njema ni kwamba linaepukika kwa vifaa vya bei nafuu na nidhamu ya kawaida.

Ncha inavyopenya

Kabla ya kuandika neno lolote kwenye andiko la utafiti, elewa vizuri kazi inayofanyika kule chini. Mzizi haurefuki mwili mzima. Hurefuka katika eneo fupi, la milimita chache tu, nyuma kidogo ya ncha. Hapo seli hujaa maji, hutanuka kwa urefu na kuisukuma ncha mbele. Sehemu iliyo nyuma zaidi imekwisha kujishikiza kwa vinyweleo, hivyo haisogei, ndiyo egemeo. Ncha yenyewe imevikwa kofia ya seli ambazo hubanduka taratibu, na kofia hiyo hutoa ute. Seli zilizobanduka na ute huo hupunguza msuguano kati ya mzizi na chembe za udongo.

Nguvu ya msukumo huo ilipimwa zamani. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Pfeffer aliizungushia mizizi jasi, ikaganda, kisha akapima jinsi mzizi unavyosukuma kujinasua. Vipimo vya waliomfuata vinaonyesha kwamba mizizi ya mazao mengi hufikia shinikizo la kati ya megapaskali 0.5 na 1 hivi. Megapaskali 1 ni sawa na kilo 10 zilizoegemea eneo la sentimita moja ya mraba. Kwa kitu chembamba na laini kama mzizi wa mahindi, hiyo ni nguvu kubwa.

Kwa miaka mingi ilionekana dhahiri kwamba mzizi ukikuta udongo ulioshindiliwa hupunguza mwendo kwa kuwa umezidiwa nguvu. Mwaka 2021 Bipin Pandey, Malcolm Bennett na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyobadilisha mazungumzo hayo. Mzizi hutoa gesi ya ethileni, ambayo ni homoni. Udongo ukiwa na matundu ya kutosha, gesi hiyo hutawanyika na kupotea. Udongo ukishindiliwa, matundu huziba, ethileni hurundikana kuizunguka ncha, na mzizi hupunguza kasi na kunenepa. Mimea ya mpunga yenye hitilafu ya jeni inayoifanya isihisi ethileni iliupenya udongo ulioshindiliwa vizuri kuliko mimea ya kawaida. Kumbe mzizi ulikuwa ukipokea ishara ya kusimama.

Mwanafunzi wa uzamivu asome utafiti huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni matokeo yenyewe. Ya pili ni njia: swali la karne nzima kuhusu nguvu ya mmea lilipata sura mpya pale watu walipouliza kuhusu matundu ya udongo na hewa inayopita ndani yake.

Swali liwe jembamba

"Athari za ugumu wa udongo kwa mizizi ya mahindi" si swali la tasnifu. Ni kichwa cha rafu nzima ya maktaba. Swali la uzamivu linataka mahali, kina, utaratibu unaodhaniwa, na matokeo yanayoweza kulikanusha.

Chukua mfano kutoka mashamba yetu. Jembe la mkono, na plau ya kukokotwa na ng'ombe, hugusa kina kilekile kila msimu. Miaka ikipita, chini kidogo ya hapo, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 20, hujengeka tabaka gumu. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu yake au hutiririka kwenda zake. Mahindi yakikutana nalo, mizizi hugeuka na kutambaa pembeni. Wiki mbili za jua katikati ya msimu zinatosha kuyanyausha, ilhali unyevu upo nusu mita chini. Karatu na Arumeru, kaskazini mwa Tanzania, wakulima wamelikabili tatizo hili kwa ripa, chombo chenye ncha nyembamba kinachopasua tabaka hilo kwenye mistari ya kupandia bila kulipindua shamba zima.

Sasa, je, mmea unaweza kufanya kazi ya ripa? Mbaazi ina mzizi mkuu unaozama sana, nayo inalimwa sana Babati, Lindi, Mtwara, Machakos na Makueni. Mwaka 1990 Noriharu Ae na wenzake, waliofanya kazi katika kituo cha utafiti wa mazao cha ICRISAT nchini India, walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi zinazoifungua fosforasi iliyonaswa na chuma udongoni. Mizizi hiyo ikifa huacha vifereji. Hivyo mwanafunzi anaweza kuuliza: katika shamba lenye tabaka gumu kwenye kina cha sentimita 18, mizizi ya mahindi yaliyofuata mbaazi hulivuka tabaka hilo kwa kupita kwenye vifereji vya mbaazi, au hulivuka popote? Swali hilo lina jibu. Unaweza kuchimba, ukafunua, ukahesabu mizizi iliyo ndani ya vifereji na iliyo nje. Na jibu likiwa "popote," nalo ni tasnifu.

Mfano wa pili ni wa mvutano kati ya fosforasi na maji. Fosforasi haisafiri mbali udongoni, na nyingi iko juu. Mmea wenye mizizi ya kutambaa karibu na uso wa ardhi huipata vizuri. Maji ya wakati wa ukame yako chini. Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania amefanya kazi na wenzake wa Msumbiji kwa miaka mingi juu ya maharage na suala hilihili. Kwa upande wa kina, watafiti wa Japani wakiongozwa na Yusaku Uga walionyesha mwaka 2013 kwamba jeni iitwayo DRO1, ikiingizwa kutoka mpunga wa Kinandang Patong kwenda aina ya IR64 yenye mizizi ya juujuu, huifanya mizizi ielekee chini zaidi, na mavuno hupona vizuri wakati wa ukame. Mwanafunzi anayesoma hayo asikimbilie kurudia jeni ileile kwenye zao jingine. Ajiulize: katika udongo wa kijiji fulani, ni kipi kinapungua kwanza, maji au fosforasi? Hilo ndilo linaloamua mzizi upi ni mzuri.

Misimu haimsubiri mtafiti

Uzamivu huchukua miaka mitatu hadi minne. Ukihesabu kwa miezi unaonekana muda mrefu. Uhesabu kwa misimu.

Dodoma hupata mvua mara moja kwa mwaka, takriban Desemba hadi Aprili. Mwanafunzi aliyesajiliwa Oktoba, ambaye kibali chake cha utafiti kimetoka Februari, amekwisha kupoteza msimu wa kwanza. Anabakiwa na miwili, labda mitatu, na majarida mengi hutaka matokeo ya shambani ya misimu isiyopungua miwili. Mmoja ukikosa mvua kabisa, hesabu imekwisha. Morogoro kuna vuli na masika, ila vuli husuasua. Makueni na Ukambani kwa jumla mambo ni kinyume: mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Anayepanga jaribio lake kwa kalenda ya kitabu badala ya kalenda ya kijiji atajuta.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, panda jaribio dogo la awali kabla ya usajili au katika miezi ya mwanzo, hata kama ni vitalu vinne tu, ili ujue sampuli inachukua muda gani na tofauti kati ya mmea na mmea ni kubwa kiasi gani. Pili, weka majaribio ya vyunguni au ya kitalu nyumba katika miezi ya kiangazi, yakijibu sehemu ya swali ambayo shamba haliwezi kuijibu peke yake.

Silinda, mizani na oveni

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kipimo cha kwanza ni uzito wa udongo mkavu kwa ujazo. Tafuta fundi wa vyuma akukatie bomba la kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5, lenye makali upande mmoja. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 98. Chimba kwa ngazi hadi kina unachokitaka, sawazisha, weka silinda, juu yake kipande cha ubao, kisha igonge taratibu mpaka ijae. Usiigonge kupita hapo, maana utakuwa unaushindilia udongo unaotaka kujua umeshindiliwa kiasi gani. Ichimbue kwa kisu kutoka pembeni na kata udongo sawia na midomo yote miwili. Ukikuta jiwe au shimo la mchwa, andika. Usiitupe sampuli kimyakimya.

Pima uzito wa udongo ukiwa mbichi. Uweke ndani ya oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Tuseme ulikuwa gramu 172, sasa ni 147. Gramu 147 gawanya kwa 98 unapata 1.5. Gramu 25 za maji yaliyopotea ukizigawa kwa 147 unapata unyevu wa asilimia 17. Silinda moja imekupa namba mbili, na lazima ziende pamoja daima.

Hiyo 1.5 ina maana gani? Inategemea udongo. Katika mfinyanzi mzito, gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo tayari ni kizuizi kwa mizizi. Katika kichanga ni hali ya kawaida, na mizizi hupita bila taabu hadi karibu 1.8. Ndiyo maana aina ya udongo, yaani uwiano wa mchanga, tope na mfinyanzi, sharti ipimwe maabara mara moja mwanzoni. Tanzania kuna kituo cha TARI Mlingano, mkoani Tanga, ambacho utafiti wa udongo ndiyo kazi yake ya asili. Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vingine vya kilimo navyo vina maabara.

Kipimo cha pili ni ukinzani, kwa penetromita: fimbo yenye koni nchani inayosukumwa ardhini kwa mwendo usiobadilika huku kipimo kikisoma nguvu inayohitajika. Vitabu vingi hutaja megapaskali 2 kama mpaka ambao mizizi hushindwa kuuvuka. Usiichukue namba hiyo kama sheria. Majaribio ya Taylor na Ratliff ya mwaka 1969 yalionyesha mizizi ya pamba ikipoteza nusu ya kasi yake katika megapaskali 0.7 hivi, wakati karanga zilivumilia hadi karibu 1.9 kabla ya kufikia hali hiyo. Zaidi ya hayo, koni ya chuma hukutana na ukinzani unaoweza kuwa mara mbili hadi nane ya ule unaoukuta mzizi, kwa sababu chuma hakina ute na hakipindi kona kufuata ufa au kifereji cha nyungunyungu.

Na kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Udongo ukikauka, ukinzani hupanda. Shamba lilelile linaweza kusoma chini ya megapaskali 1 siku mbili baada ya mvua na kupita 3 baada ya wiki kadhaa za jua. Usomaji wa penetromita usioandamana na unyevu wa siku ile, kwa kina kilekile, hauna thamani ya kisayansi hata kidogo. Ukisoma makala iliyochapishwa bila unyevu huo, usijenge tasnifu yako juu yake.

Kuiona mizizi

Hakuna njia inayouonyesha mzizi wote, mahali pake, ukiwa hai, kwa gharama ndogo. Kila njia inatoa kitu na kunyima kingine. Chagua kwa kufuata swali lako.

Chepe ndiyo njia ya kwanza, na wengi huidharau bila sababu. Kundi la Lynch lilichapisha mwaka 2011 utaratibu wake kwa mahindi: wakati wa kuchanua, chimba gogo la udongo lenye kipenyo cha sentimita 40 na kina cha sentimita 25 kuuzunguka mmea, loweka, osha kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha pima pembe na hesabu mizizi ya kila pingili. Hakuna umeme unaohitajika. Kwa siku moja watu wanne wenye mazoea wanaweza kumaliza mimea mingi. Udhaifu wake ni kwamba kila kilicho chini ya sentimita 25 kimebaki ardhini.

Ukitaka kina, chimba handaki. John Weaver wa Chuo Kikuu cha Nebraska aliishi ndani ya mahandaki katika miaka ya 1920, akiifunua mizizi ya mazao na nyasi kwa vyombo vya mkono na kuichora, na kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu mizizi ya mazao ya shambani bado kinasomwa. Kwenye ukuta wa handaki uliosawazishwa, bandika fremu yenye uzi uliopigwa miraba ya sentimita 5, uhesabu mizizi inayojitokeza katika kila mraba. Kwa swali la mbaazi na vifereji, hii ndiyo njia. Lakini usiingie handaki lenye kina kinachopita kiuno bila mbao za kuzuia kuta, na usimwache mtu ndani peke yake. Kuta za udongo huanguka ghafla na huua. Ukimaliza, fukia siku hiyohiyo. Kuna watoto na mifugo.

Sanduku la kioo ni la tatu. Fundi wa madirisha analitengeneza kwa siku moja. Liinamishe nyuzi 30 hadi 45 ili mizizi iangukie kwenye kioo, ulifunike kwa kitambaa cheusi maana mwanga huibughudhi mizizi, na upige picha kila siku saa ileile. Utapata kasi ya ukuaji, kitu ambacho kuchimba hakukupi. Kumbuka tu kwamba mzizi unaofuata kioo umepata njia rahisi kuliko wa shambani.

Kisha ziko mashine kubwa. Nottingham, katika kampasi ya Sutton Bonington, wana kituo kiitwacho Hounsfield Facility kinachopiga picha za CT, yaani za eksirei, za mizizi ikiwa ndani ya udongo. Jina ni la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa uvumbuzi wa teknolojia hiyo. Jülich, Ujerumani, wanatumia pia mashine za MRI. Picha za mashine hizi ni za ajabu, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepata nafasi ya miezi mitatu huko aikubali. Aende akijua kwamba kadiri anavyotaka picha iwe kali ndivyo chungu kinavyopaswa kuwa kidogo, na kwamba eksirei hupata shida kutofautisha mzizi na maji au masalia ya mimea.

Udogo wa chungu si jambo la kupuuza. Hendrik Poorter na wenzake walikusanya majaribio 65 na kuchapisha mwaka 2012: kukizidisha chungu mara mbili kwa ujazo kuliongeza uzito wa mmea kwa wastani wa asilimia 43. Ushauri wao ni kwamba uzito mkavu wa mmea usizidi gramu 1 hivi kwa kila lita ya udongo. Piga hesabu ya mahindi ya wiki sita kwenye chungu cha lita 3, utaona kwamba majaribio mengi hupima mizizi iliyobanwa na plastiki kuliko iliyobanwa na udongo. Mabomba ya PVC ya urefu wa mita moja, yaliyopasuliwa kwa urefu na kufungwa tena kwa waya, ni bora mara nyingi.

Kuosha na kuhesabu

Kuosha mizizi ndiyo kazi inayovunja watu moyo. Loweka sampuli usiku kucha, mwaga juu ya chekeche la milimita 0.5, fungulia maji ya mpira taratibu. Chekeche la milimita 2 litakupunguzia kazi na kukupotezea mizizi myembamba, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya urefu wote. Ondoa takataka kwa kibano. Mizizi iliyokufa mara nyingi ni myeusi na hukatika ovyo, mizima huvutika. Usipoipima siku hiyo, ihifadhi kwenye friji ndani ya spiriti iliyochanganywa na maji.

Piga hesabu ya kazi kabla ya kupanda. Mbinu nne za kulima, marudio manne, kina sita, sampuli tatu kila kitalu: jumla 288. Kila moja ikichukua saa mbili, ni saa 576, yaani siku 72 za kazi. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hii mapema huajiri vijana wawili wa kijijini, huwafundisha vizuri, huwalipa vizuri, na huandika majina yao kwenye shukrani. Aliyeichelewa hutupa nusu ya sampuli.

Huna skana? Bado unapima. Tandaza mizizi ndani ya trei nyeupe yenye maji, chini yake karatasi ya miraba ya sentimita 1, uhesabu kila mahali mzizi unapokata mstari. Kanuni ya D. Tennant ya mwaka 1975 inasema zidisha idadi hiyo kwa upana wa mraba, kisha kwa 11, gawanya kwa 14. Mikato 140 inakupa sentimita 110 za mzizi. Kama sampuli ilitoka kwenye ile silinda ya ujazo wa 98, una sentimita 1.1 za mzizi katika kila sentimita ya ujazo wa udongo. Kwa ngano na shayiri, watafiti wengi huchukulia kwamba kiasi cha karibu sentimita 1 kinatosha kuyafyonza maji mengi yaliyopo. Mwenye skana atumie RhizoVision Explorer au ImageJ, zote ni za bure. Kwa picha za sanduku la kioo, RootPainter hufundishika kuutambua mzizi kwa mifano unayoipa wewe.

Katika takwimu, sampuli tatu za kitalu kimoja si marudio matatu. Stuart Hurlbert aliliandika hilo mwaka 1984 kwa wanaikolojia, na bado watahini wanaliangushia tasnifu. Kitalu ndicho kizio; zile tatu zipigie wastani.

Ruhusa na wenye shamba

Tanzania kibali cha utafiti hutoka COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST. Omba mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Udongo hauvushwi mpaka ndani ya begi: nchi nyingi huuzuia kwa kuhofia wadudu na magonjwa, na mashirika ya afya ya mimea kama TPHPA na KEPHIS ndiyo yanayotoa karatasi. Sampuli iliyokamatwa uwanja wa ndege hairudi.

Kibali cha karatasi hakitoshi. Mwenye shamba anajua mahali maji yanapotuama, mahali palipokuwa njia ya ng'ombe miaka kumi iliyopita, na mahali ambapo jembe hugonga pagumu. Keti naye na utembee naye shambani kabla ya kuchora ramani ya vitalu. Maelezo yake yatakuokoa kuweka marudio mawili juu ya njia ya zamani ya mifugo. Mpe fidia ya eneo lililochimbwa. Mwonyeshe ukuta wa handaki ukiwa wazi, aione mizizi ya mahindi yake inavyogeuka ilipofika kwenye tabaka. Na matokeo yapelekwe kwake kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao kabla ya msimu unaofuata, kupitia bwana shamba wa kata, kurasa mbili zinatosha. Tasnifu ya Kiingereza inayolala maktaba haijamlipa deni lake.

Anayetaka kuomba nafasi ya uzamivu mwaka ujao asianze kwa kuandika barua. Aende kwenye shamba moja msimu huu, achimbe shimo la sentimita 60, asome ugumu na unyevu kila sentimita 10, achukue silinda tatu kila kina, ahesabu mizizi kwenye ukuta na kupiga picha. Ni kazi ya siku mbili na gharama yake ni ndogo. Kisha ndipo amwandikie msimamizi, akiambatanisha jedwali hilo na swali moja ambalo jedwali limemwibulia.